Mlima Umehamia Kushoto

Gathogo, wakini wangu, tuliyetahiriwa siku moja,

Nakuandikia nikiwa nimekalia stuli yako, na ndiyo, nimeikata miguu kidogo kwa sababu wewe ulikuwa mrefu bure. Usikasirike. Ukitaka irudi ilivyokuwa, njoo na msumeno.

Sijui barua ya mtu aliyekufa hutumwa wapi. Shule niliiacha wakati walimu walianza kuchanganya herufi na hesabu, na kabla ya hapo hatukuwa tumefika somo la kuandikia maiti. Lakini niko na jambo, na kila nikitaka kumwambia mtu naona atacheka ama atalia, na mimi sitaki yote mawili. Wewe ulijua kunyamaza mtu akiongea. Sasa umekuwa bingwa.

Nianze na mazishi yako, kwa sababu hukuyaona vizuri. Watu walikuja wengi kuliko ulivyostahili. Mhubiri aliomba mpaka mvua ikakata tamaa ikaenda kunyesha kwingine. Halafu mke wako, mama Nderitu, akainama kutupa udongo, na miwani ikamtoka usoni. Nilikuwa nyuma yake. Niliisikia ikigonga sanduku lako: ko. Kioo kwa mbao. Hiyo sauti sisi mafundi wa miwani tunaijua hata tukiwa tumelala. Nikapiga kelele, "Ngojeni!" Vijana wakasimama na koleo hewani, wakachungulia ndani, wakaangaliana, na hakuna aliyeinua mguu. Unajua kwetu. Kilichoingia kaburini ni cha mwenye kaburi. Mimi nilikuwa tayari kuteremka, na magoti haya haya, lakini mama akanivuta mkono wa koti.

"Wacha, Baba Wangui," akasema. "Aende nayo. Huyo alikuwa anapotea hata mchana."

Watu wakacheka kwa pua, wakajifunika na leso. Vioo ulivisaga wewe, na ukaondoka navyo. Mwizi.

Lakini kicheko kiliisha upesi. Yule mama bila miwani haoni hata mkono wake mwenyewe. Wewe ulijua, ndiyo maana miaka yote ulimsagia mwenyewe, hukuniachia hata siku moja. Nderitu akampeleka kwa duka la miwani pale mjini, lile la ukuta wa vioo, na sitawasema vibaya, msichana alimpima vizuri, akaandika vipimo kwa karatasi safi. Wakasema lenzi kali namna hiyo lazima iagizwe ng'ambo, angojee. Akangoja. Akapika chai ya chumvi. Akafunga mbuzi wa jirani zizini kwake na kumwimbia usiku kucha aache kelele. Hayo alinihadithia kwa simu akicheka.

Halafu asubuhi moja Wanjiku, yule jirani wake wa ng'ambo ya mto, akaingia jikoni kuomba moto, akamkuta ameinua kikombe. Ndani si maziwa. Ni dawa ya kupe, ile ukiichanganya na maji inakuwa nyeupe, nzuri kuliko maziwa. Wanjiku alikipiga kofi hicho kikombe kikaruka mpaka kwa kuku.

Hapo mama hakucheka tena. Nderitu naye alipopata habari alilia kwenye simu, huyo mtoto mzima mwenye kitambi. Akasema basi. Jumamosi anakuja na gari. Mama anahamia kwake Nairobi, ghorofani, ng'ombe abaki kwa Wanjiku, nyumba ya Othaya ifungwe kufuli. Na ungemlaumu vipi? Ningekuwa mimi ndiye mwana, ningekuja Ijumaa.

Mama akaja kwangu hapa Nyeri, Wanjiku akimshika mkono. Alisimama mlangoni akiongea na koti langu lililoangikwa ukutani, akidhani ni mimi.

"Baba Wangui, wewe bado unasaga, ama unakaa tu hapa ukisema watu?"

"Nafanya zote mbili, mama. Niko huku."

Akageuka. "Basi nisagie macho. Nderitu akinikuta hivi Jumamosi, nitaenda kukaa kwa kiti nikisikiza lifti ikipanda na kushuka mpaka Mungu anikumbuke. Na Mungu ako na kazi mingi."

Nikasema sawa. Ni neno dogo, sawa. Linatoka mdomoni kabla akili haijavaa viatu.

Kwa sababu, wakini, vioo vilikuwa viwili tu. Siku hizi kila kitu ni plastiki, na kioo kinene cha lenzi kali hakuna anayekileta tena. Hivyo viwili ulivificha wewe ndani ya soksi yako ya kahawia, nyuma ya debe la unga wa msasa. Nilivipata wakati wa kuhama. Soksi niliichoma. Vioo viwili, macho mawili. Nikiharibu kimoja hakuna kingine, na Jumamosi haisogei.

Nimesema kuhama, na hujui. Mwenye nyumba alitaka chumba chetu kiwe duka la simu. Akanipa kingine, pale pale uani, ng'ambo ya mfereji. Nikabeba mashine, mota, mawe, meza yako, mikebe yako, kila kitu. Kile chumba mlango wake uko upande mwingine, kwa hivyo meza ilikubali kukaa ikitazama kusini tu. Kule kwetu zamani ilitazama kaskazini. Nikasema ni nini hiyo, meza ni meza. Nikaigongea misumari.

Sasa kumbuka ni kwa nini tuliacha kusema kulia na kushoto. Ni ulimi wako. Herufi ya L, ile ya jicho la kushoto kwenye vipimo, uliita "era," na ya R, ya kulia, ukijaribu kuwa msomi, ukaita "ala." Kulia ilikuwa "kuria," ambayo kwetu ni kula, na wateja walidhani unawaambia wale ama walie. Ukapokea vipimo kwa simu, ukanisomea, nikasaga, na karani wa watu kutoka Kiganjo akavaa miwani yetu na kutembea moja kwa moja mpaka kwenye mtaro. Alirudi na matope mpaka kwa tai. Wewe ukamwambia ati ni mtaro umesogea. Siku hiyo ndiyo ulikaa kwa meza, ukanyoosha mikono kama unasulubiwa, ukasema, "Kabiru, sikiza. Mkono huu uko Mlima. Huu uko Nyandarua. Mlima hauna era wara ala." Tukaweka visahani viwili, kimoja kila mwisho wa meza, cha mashariki uliko Mlima, cha magharibi iliko milima ya Nyandarua. Jicho la kulia ni la Mlima. La kushoto ni la Nyandarua. Hatukukosea tena mpaka ukafa.

Basi Alhamisi nikasaga. Nikayeyusha lami kwa jiko, nikagandisha kioo kwa kishikio, nikafunga, nikawasha. Unaijua lenzi ya mtu asiyeona mbali, unaichimba katikati kama bakuli, na kadiri unavyochimba ndivyo katikati inavyobaki ganda la kitunguu. Ukiacha mapema haoni. Ukichelewa kidogo tu, pa! Kioo kinene kinanguruma, kikikaribia kupasuka kinaanza kupiga mbinja. Wewe ulikuwa ukinipigia kelele, "Toa mkono! Unasikia kinakuita mwizi?" Nilitoa mkono mara nyingi mpaka mashine ikadhani ninaipungia. Niliposaga cha pili stima ikayumba, mota ikapiga magoti kama ng'ombe mgonjwa, nikakinyakua kutoka kwa chuma kabla hakijang'ang'ania, nikakaa nimekikumbatia kifuani kama kifaranga. Shati lote tope la msasa. Stima ikarudi. Nikaendelea.

Nikang'arisha. Nikapima, nikapima tena. Vikawa sawa na karatasi ya yule msichana, aliyoniletea mama. Lakini kwa kuangalia na kwa kushika vilikuwa mapacha, na macho ya mama si mapacha. La kulia limepinda kuliko la kushoto, na ukimvalisha kinyume dunia itamlalia kama ukuta uliojengwa na mlevi. Kwa hivyo nikaviweka kwa visahani vyetu. Cha Mlima upande wa Mlima, cha Nyandarua upande wa Nyandarua. Nilichungulia hata dirishani kuhakikisha. Mlima ulikuwa umetoa kichwa kwa mawingu, mweupe, umetulia. Nikauamini. Nani asiyeuamini?

Ijumaa asubuhi mama akaletwa. Wanjiku akaenda sokoni. Nikamketisha mwisho wa meza, pale ulipokuwa unamketisha wewe, akitazama ninakotazama. Akatoa fremu kwenye kitambaa, ile kuukuu yake iliyobaki nyumbani, yenye pembe juu kama masikio ya paka, ile uliyoicheka mpaka akakunyima chakula. Fremu ya mviringo ina huruma, ukikosea unageuza. Hiyo ya paka haina. Kioo kikishakatwa umbo la jicho la kulia, ni cha kulia mpaka kiyama.

Tulianza na Mlima kila mara. Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe kwa kisahani cha kulia, kama ulivyoenda maisha yake yote. Nikafunga kioo. Nikawasha jiwe, maji yakaanza kutiririka, nikateremsha. Jiwe likauma. Krrr.

"Baba Wangui."

"Nyamaza, mama. Nakata."

"Nauliza tu. Kwani siku hizi jua inatokea Nyandarua?"

"Ati nini?"

"Inanichoma huku." Akagusa shavu la kushoto. "Kwa meza ya Gathogo ilikuwa inanichoma hii ingine. Nilikuwa namwambia anisogeze, anakataa, anasema nikikauka sitaoza."

Wakini.

Damu yangu ilishuka mpaka kwa soksi. Nikainua kioo. Jiwe likaendelea kuzunguka bure, maji yakimwagika. Nikaangalia dirishani. Mlima ulikuwa pale pale, mkono wangu wa kushoto. Vioo niliviweka kwa macho na nikavichukua kwa mazoea. Hicho nilichokuwa nimeshika, nilichokuwa nakata umbo la jicho la kulia, kilikuwa cha Nyandarua.

Nikasikia mtu ameita, "Gathogo!" Kwa sauti. Ilikuwa mimi. Kama zamani nikitaka uje uangalie.

Mama akageukia sauti yangu. Halafu akasema polepole, "Hayuko. Endelea."

Nilizima jiwe.

"Mbona umezima?"

"Mota inataka kupumua."

"Gathogo naye mota yake ilikuwa inapumua akiwa ameharibu."

Nilikipeleka kioo kwenye mwanga. Ukingoni jiwe lilikuwa limeacha alama ya jino, bapa, upana wa punje ya mchele wa Mwea. Hiyo ningeivumilia. Lakini kando yake kulikuwa na ufa. Mwembamba kuliko unywele wa kope, ukielekea ndani. Nikachukua penseli ya nta, nikachora juu ya kioo umbo la jicho la kushoto, nikakilaza jinsi kipimo kilivyotaka, nikiomba lile jino liangukie nje, popote, hata karibu na pua. Likaangukia wapi? Kwenye pembe. Pale pale sikio la paka linapochongoka, pale fremu inapotaka kioo kingi kuliko mahali pengine popote. Kati ya mstari wangu na ule ufa hapakuwa na kitu. Nta tu.

Nilifikiria kumwambia. Nilifikiria kwenda kukojoa na kutorudi. Nilifikiria Nderitu akifunga kufuli, na wewe ukilala pale nyuma ya migomba bila mtu wa kukutukana jioni.

Nikaanza na kile kizuri. Kisahani cha kushoto, cha Mlima wa kweli. Nilikikata mpaka kikaingia kwa fremu, kikalia ki, kikatulia. Mikono ikapata adabu kidogo. Halafu nikarudi kwa mgonjwa.

Sikukifunga kwa mashine. Nilikishika kwa vidole, maji mengi, jiwe laini, nikaanza mbali, upande wa pua, nikizunguka pole pole, pembe nikiiacha mwisho. Kila nikigusa nilikuwa nasikiliza. Mama naye alikuwa ameinamisha kichwa. Asiyeona anasikia mpaka mawazo.

"Kimeumia, sivyo?"

"Kimeumia, mama."

"Sana?"

"Sijui bado."

"Basi maliza. Na ukikivunja usinidanganye, nitasikia."

Nikafika kwenye pembe. Ule ufa nilikuwa nauona na kutouona. Huwezi kuusukuma, utakimbilia ndani. Lazima uusage kutoka mbele yake, uufuate nyuma, uumeze wote kabla haujajua. Nikagusa. Nikainua. Nikagusa. Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikaanza kile kimbinja, na nikasikia vidole vinataka kutoka, na safari hii nikavikataza. Kidogo tena. Kidogo. Halafu nikasikia tik.

Mama akasimama.

Nikafungua macho, maana nilikuwa nimeyafunga, mjinga mimi, fundi wa macho. Kioo kilikuwa mkononi. Kizima. Ufa umeisha, umekatika na kwenda na maji pamoja na ncha ya pembe. Kipande cha kumtosha siafu.

Kikaingia kwa fremu. Si sawasawa, siwezi kukudanganya, huko uliko nadhani mnaona yote. Pale kwenye sikio la paka la kushoto pamebaki mwanya, ukiangalia dhidi ya jua unaona nukta ya mwanga. Nikakaza skrubu mpaka kidole kikauma. Nikamvalisha. Nikamchoma sikio, akasema "Wee!"

Aliangalia mikono yake, mbele na nyuma. Akaangalia jiwe, akaangalia maji kwenye sakafu. Akaangalia ukuta, lile koti alilolisalimia siku ile, akatikisa kichwa. Mwisho akanigeukia mimi, akaniangalia muda mrefu mpaka nikaanza kutafuta mahali pa kuweka uso.

"Baba Wangui," akasema, "ndevu umenyoa nusu. Ndivyo unavyoendaga kanisani?"

Nilitoka nje. Nilienda pale kwenye mfereji nikanawa uso, na nikanawa tena, na mama wa mboga akaniuliza kama ni vumbi, nikamwambia ni vumbi.

Jumamosi nilidamka kwenda Othaya, kwa sababu kazi ya fundi haijaisha mpaka mteja avuke boma bila kugonga mbwa. Nikamkuta anachagua maharagwe kwenye uteo. Nderitu akaingia na gari, na kabla hajafungua mlango mama alikuwa ameshasimama barazani.

"Nderitu! Toa hiyo gurudumu kwa nduma zangu!"

Gari likarudi nyuma lenyewe, naapa. Kijana akashuka akiangalia chini, majani mawili ya nduma yamelala. Hakuamini. Ni mtoto wako, anataka ushahidi kama wewe. Akaingia jikoni, akatoka na vikombe viwili, cha maziwa na cha ile dawa, akaviweka mezani mbele yake. Mimi nikashika ukuta. Mama aliinama, miwani ikiteleza kidogo puani, akaangalia kimoja, akaangalia kingine, hakunusa hata.

"Hii ni ya kupe. Hii ni ya chai." Akachukua fimbo ya ng'ombe kutoka kwa ukuta. "Na hii ni ya mtoto anayejaribu mama yake."

Nderitu akaketi kwenye ngazi, akafunika uso. Mama akamwacha kidogo, halafu akampa yale maziwa ayapashe moto. Kufuli ilirudi Nairobi ndani ya mfuko wake, na nyuma ya gari mkungu wa ndizi. Mimi nikapewa mguu wa kuku, wakini, na shingo pia, ile uliyokuwa unanipokonya.

Basi hivyo ndivyo tulivyo. Niko na mteja mmoja aliyebaki na sitakuwa na mwingine kama huyo, kwa sababu kioo cha namna hiyo kimekwisha duniani, na ile lenzi ya ng'ambo mpaka leo haijafika. Na kile cha kushoto, kwa ule mwanya, kitakuwa kikicheza. Skrubu italegea. Ikilegea kitaanguka, na kikianguka tumerudi kwa kikombe cha dawa. Lazima mtu apande kile kilima cha Othaya kila mwezi akaikaze. Nakuahidi mtu huyo ni mimi, mvua ama jua, mpaka magoti yakatae, na yakikataa nitabebwa. Nitakaza skrubu, nitakunywa chai, nitapita nyuma ya migomba nikutukane kidogo, nirudi Nyeri.

Watu watasema. Wanjiku ameshaanza kukohoa nikipita. Wakikuletea habari ati Kabiru ameonekana akipanda kwako amenyoa ndevu pande zote mbili, wewe jua ni skrubu.

Msalimie mama Wangui wangu, alitangulia mapema kuwaandalia chai. Lakini hii ya skrubu usimwambie. Nitamweleza mwenyewe nikifika, na sina haraka.

Lala, wakini.

Ni mimi,
Kabiru